Namna ya kuangalia sanaa hapa Dar hata kama unasema sanaa si mambo yako

Kuna watu ukiwaambia twende tukaangalie sanaa wanakujibu fasta, aah hayo mambo ya wazungu wa Masaki, mi nikaangalie mapicha ya nini, afu mtu huyohuyo jana alikaa dukani nusu saa anachagua jina la kanga, mlio wa simu kabadilisha tangu aachwe, na bajaji yake nyuma imeandikwa maneno ya kumsema mtu. Kwahiyo tukubaliane mapema tu, sanaa unaitumia kila siku, shida ni kwamba ukiikuta imetundikwa ukutani au imesimamishwa barabarani unashika kiuno unasema "nzuri" afu unaondoka, maana hujui ufanye nini kingine.

Huu mwongozo ni wa kufanya kwa miguu na daladala, hapahapa mjini, sio lazima siku moja. Kitu unachobeba ni swali moja, nalo ni hili: hiki kitu kilitengenezwa kifanye kazi gani, na kwa ajili ya nani? Watu wengi wanaanza na "maana yake nini", yaani kana kwamba kila picha ni mtihani wa Necta na kuna majibu yamefichwa mahali. Achana na hilo swali kwanza, litakuja lenyewe baadae likitaka. Hata wanafalsafa wakubwa ukiwasikiliza vizuri ugomvi wao ulikuwa kwenye kazi: Plato kule Ugiriki alitaka washairi wasikanyage kwenye mji wake bora kwa sababu wanachochea hisia za watu, mwanafunzi wake Aristotle akaona tofauti, akasema kuangalia igizo la huzuni kunamsafisha mtu ndani, na Tolstoy wa Urusi mwishoni mwa miaka ya 1890 akaja na lake kwamba sanaa ni mtu kuwaambukiza wenzake hisia aliyoipitia yeye. Wote hao watatu hakuna aliyeanza na "imependeza". Wanauliza inafanya nini kwa mtu.

Anzia Kariakoo, kwenye kanga

Nakwambia uanzie kwenye kanga na sio makumbusho kwa sababu kanga kazi yake iko wazi na wewe tayari ni mjuzi hata kama hujijui. Nenda maduka ya Mtaa wa Uhuru asubuhi kabla watu hawajajaa, simama pembeni bila kuwa kero, angalia akina mama wanavyonunua. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi. Utaona mama anapapasa kitambaa, anaangalia rangi, afu anasoma, na akishasoma hapo ndo uso unabadilika, ama anacheka ama anairudisha haraka kama imemuunguza. Kuna doti inakataliwa rangi nzuri kabisa kwa sababu ya jina tu, maana huwezi kumpelekea mkwe kanga yenye matusi ya kificho hata iwe nzuri vipi.

Sasa vuta picha kichwani ya nyumba ya kupanga, vyumba sita, uwanja mmoja, bomba moja, na wapangaji wawili hawaongei. Mmoja asubuhi anatoka kufagia kajifunga "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Hajasema kitu. Mwenzie kaelewa, majirani wote wameelewa, hata mtoto wa darasa la nne kaelewa, lakini utaenda kumshtaki wapi? Kwa mjumbe useme nini, kwamba kavaa nguo? Kanga imeuzwa dukani, wamevaa watu kibao. Hiyo ndo kazi mojawapo kubwa ya sanaa duniani kote na hapa kwetu tunaifanya kwa ustadi wa hali ya juu, kusema kitu ambacho ukikisema kwa mdomo mtaa unawaka, na wakati huohuo kujiachia mlango wa kutokea. Ndo maana tawala nyingi zinawaogopa wasanii kuliko wapinzani, mpinzani kasema waziwazi utamjibu, huyu wa mafumbo utamkamata kwa lipi.

Taarabu ni hivohivo. Ukienda kwenye shughuli usiangalie jukwaani peke yake, angalia wanaoenda kutunza. Mama anainuka na noti yake, anacheza taratibu, anapita mbele ya mbaya wake kwa makusudi, anaipeperusha wakati ule mstari wenyewe unaimbwa, anarudi kukaa. Mwimbaji kaimba, lakini aliyesema ni yule mwenye noti. Na sio jambo la juzi, Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi kule India mwaka 1928, nyimbo zake ziligusa mpaka mambo ya mahakamani ambayo mnyonge asingethubutu kuyasema mbele ya hakimu.

Kabla hujatoka dukani omba uoneshwe kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Mara nyingi haina jina. Jiulize kwanini, mi naona ni kwa sababu haihitaji, ukiiona tu unajua kuna nini, kwa hiyo kazi ya kusema imefanywa na rangi na mpangilio peke yake. Ukishaona hilo umeshajifunza kusoma picha isiyo na maneno, na hakuna aliyekufundisha darasani.

Posta, kwa Bwana Askari

Shuka Posta, tembea mpaka Samora kwenye ile sanamu. Wengi wetu tunaitumia kama alama ya kuelekezana, "tukutane Askari", hatujawahi kuiangalia. Sasa iangalie, izunguke yote (angalia magari bana, bodaboda wa pale hawana huruma na mtu anayetazama juu). Ni ya shaba, iliwekwa mwaka 1927 na Waingereza, kukumbuka Waafrika waliotumika kwenye vita vya 1914 mpaka 1918. Bunduki imeelekezwa upande wa bandarini. Chini kuna maandishi kwa lugha tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu.

Uliza lile swali. Kazi gani, kwa nani, na hapa ongeza jingine dogo: nani alilipa? Sanamu za barabarani karibu zote zinajibu vizuri ukiziuliza nani alilipa. Maandishi yanawataja wapagazi pia, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kweli wapagazi walikufa kwa wingi sana kwenye ile vita, njaa na magonjwa. Lakini inua macho, juu kasimama askari peke yake. Nairobi kuna ukumbusho ndugu yake na huu, kule mpagazi kasimama na mzigo wake pamoja na wenye bunduki. Kwahiyo kuna mtu mahali aliamua nani apande juu na nani abaki kwenye maandishi, na uamuzi huo ndo sanaa yenyewe, ile shaba ni malighafi tu.

Afu ujue hapa Dar kabla yake kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoiteka Dar wakaitoa, ikaishia Hamburg ambako ilisimamishwa tena mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa kulekule wakaiangusha. Sanamu ileile, Dar ilikuwa inawaambia watu nani bosi, Hamburg ikawa inawaliwaza Wajerumani walionyang'anywa makoloni, kwa wale wanafunzi ikawa aibu. Shaba haikubadilika, kazi ndo ilibadilika kila ilipohamishwa.

Makumbusho ya Taifa, sehemu ambayo vitu vimestaafu

Kutoka pale ni kutembea tu mpaka Mtaa wa Shaaban Robert. Beba kitambulisho, raia kiingilio chake ni nafuu kuliko mgeni. Ukiingia usikimbie kuona vyote, chagua kitu kimoja au viwili ukae navyo.

Ukibahatika kukuta mwana hiti, simama hapo. Ni kile kisanamu cha mti cha Wazaramo, ndo wenyewe wa pwani hii, hakina mikono wala miguu, mwili kama gogo dogo lililonyooka, na kichwani nywele zimechongwa kwa namna yake. Mtu asiyejua atasema fundi hakumalizia. Lakini kilikuwa cha mwali, msichana akiwekwa ndani anapewa, anakitunza, anakipaka mafuta, anakichana, anajifunza kulea. Sasa ukijua hiyo kazi umbo linaanza kueleweka, kinashikika, kinapakatika, kimeachwa laini kwa sababu ni cha kuguswa kila siku. Na hapo kiko nyuma ya kioo, hakuna anayeruhusiwa kukigusa! Silaumu makumbusho, bila wao vingi vingekuwa vimeshaliwa na mchwa au vimeshauzwa nje, ila ukiangalia kitu mle ndani jilazimishe kukirudishia vile vilivyopotea. Kilikuwa mkononi mwa nani, saa ngapi, kulikuwa na wimbo gani, kulikuwa na harufu ya nini. Mapiko ya Wamakonde vilevile, ile barakoa inavaliwa kichwa kizima na mtu anayecheza wakati vijana wanatoka jandoni, ngoma zinalia, watoto wanakimbia kwa hofu. Ikining'inia kimya kwenye ukuta unaona robo tu ya kazi.

Mwenge kwa wachonga vinyago, na Oysterbay kwa Tingatinga

Hapa tukae kidogo maana ndo wabongo wengi wanapotoa ile hukumu, "aah hivi ni vya watalii".

Ukifika Mwenge pita maduka ya mbele, nenda wanapochongea. Salimia vizuri, shikamoo kwa wazee, kaa. Usianze na bei. Muulize fundi anachonga nini na nani atakuja kukichukua, na kwa ile gogo aliyonayo alianzaje kuona kitu kiko wapi. Wengi watakwambia mti unaongoza, ukikuta ufa au kovu unageuza wazo. Kwenye vinyago vya Kimakonde vya kisasa utakuta aina kama mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitenganisha. Kuna ile ya watu wamepandana juu ya mabega ya wenzao mpaka juu, wanaiita ujamaa, na kuna shetani, vile vijitu vyenye jicho moja, mdomo umepinda, mkono umetokea tumboni, ambayo wanamtaja Samaki Likankoa kuwa ndo aliianzisha miaka ya 1950. Ujamaa inapendeza na inaeleweka mapema, inafaa ofisini. Shetani mi ndo naipenda zaidi, kwa sababu haikuombi ruhusa, unaiogopa kidogo na unacheka hapohapo, na hisia mbili zikikupata kwa mpigo ujue fundi kakukamata.

Mpingo wenyewe ujue kuutambua. Ni mzito, ukiutupa kwenye maji unazama, katikati mweusi na pembeni karibu na gome una ukanda mweupe unaoelekea njano, na fundi wengi wanauacha makusudi uonekane. Ndo mti huohuo wazungu wanatengenezea klarineti. Kuna kijanja anachukua mti mwingine mwepesi anaupaka kiwi ya viatu, kwahiyo nyanyua, nusa, sugua kwa kidole chenye unyevu.

Tingatinga nako Oysterbay nenda na swali hilohilo. Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar kuhangaika kama wengine, akaanza kuchora kwenye 1968 hivi, anatumia hadibodi na rangi za kupaka baiskeli kwa sababu ndo zilizopatikana na ndo alizozimudu, akiwauzia wageni. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Miaka minne tu! Na leo kuna watu wanalisha familia na kusomesha kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Kale kang'aro na zile rangi kali zisizochanganyika ambazo leo tunaona ni "mtindo" chanzo chake ni kopo la rangi ya baiskeli. Ukiona kazi yoyote uliza mtu alikuwa na nini mkononi, umaskini wa vifaa umezaa mitindo mingi kuliko shule. Baadae George Lilanga, Mmakonde, akayachukua yale mashetani kutoka kwenye mti akayaingiza kwenye rangi, masikio makubwa, vidole vya ajabu, hayajawahi kunichosha.

Haya, swali gumu sasa. Tembo yuleyule na mbuyu uleule umechorwa na watu hamsini, wamepanga ukutani kama sabuni. Ni sanaa? Wanaosema kitu cha kuuza si sanaa wakae wafikirie vizuri, maana michoro mingi ya makanisa ya Ulaya ambayo watu wanapanda ndege kwenda kuiona ililipiwa, ilikuwa oda yenye mkataba na tarehe ya kukabidhi. Hela haiuwi sanaa. Kinachoiua ni fundi kuacha kuangalia. Fanya hivi, chukua picha mbili za tembo huyohuyo za mikono tofauti, ziweke sambamba, angalia jicho la tembo, angalia mstari wa mgongo, angalia vidoti vya nyuma vilivyojaza nafasi. Moja utaona mkono umekimbia tu umalize, nyingine utaona mtu alisimama mahali akaamua kitu ambacho sio lazima, mkia kaugeuza, kivuli kakiweka rangi isiyotegemewa. Nunua hiyo. Ukifanya zoezi hili kwa saa moja utakuwa na jicho kuliko watu wengi wanaoongea sana kuhusu sanaa.

Ukikutana na kitu ambacho huelewi kabisa

Nenda Nafasi, kituo cha sanaa kipo Mikocheni, wapo tangu 2008, wasanii wana studio mlemle na maonyesho. Utakuta lundo la chupa, au nyavu zimening'inizwa, au video ya mtu anatembea tu. Hapo ndo watu wanasema hata mwanangu angeweza. Hilo neno lina historia, mwaka 1917 Marcel Duchamp kule New York alichukua choo cha kukojolea cha ukutani, kakinunua dukani, akasaini jina la uongo akapeleka kwenye maonyesho, wakakikataa, na mpaka leo dunia inabishana. Sikulazimishi ukipende. Ila kazi yake ilikuwa kukuuliza wewe, ni nini kinafanya kitu kiwe sanaa, na kama umekasirika basi swali limekufika.

Njia ya kufanya ukiwa mbele ya kitu cha namna hiyo: weka simu mfukoni, kaa nacho dakika kumi, ni ndefu sana utaona, na kabla ya kutoa maoni yoyote elezea kimoyomoyo unachokiona tu kama unamwelezea kipofu, kuna nini juu, kuna nini chini, kimefungwa kwa kamba gani. Afu tenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya, "sijaipenda", "sijaielewa" na "imeshindwa kazi yake". Unaweza kuielewa vizuri na usiipende, hiyo ni haki yako. Unaweza kuipenda na usielewe kitu, nayo poa tu. Ya tatu ndo unatakiwa uwe na hoja, useme ilitaka kufanya nini na imekwama wapi. Msanii akiwepo muulize, pale ni watu wa kawaida tu hawang'ati.

Singeli na mdundiko havitaki kabisa mbinu hii ya kusimama. Ukikaa pembeni na daftari kwenye kigodoro cha Tandale hutaelewa chochote, utasikia kelele tu na spidi, kazi yake iko kwenye mwili na kwenye umati, ingia ucheze au toka uwapishe.

Kuna kitu kimoja nje ya Dar nitakitaja kwa sababu kinaliharibu swali langu. Michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wamechorwa wembamba warefu, wanyama, kwa rangi nyekundu ya udongo, na wataalamu wanabishana mpaka kesho ilichorwa kwa kazi gani, kama ni mvua, tiba, mizimu au uwindaji. Walioichora hawapo wa kuulizwa. Na bado ukiiona inakushika, na wenyeji wa maeneo yale wameendelea kufanya matambiko kwenye baadhi ya yale mapango. Kwahiyo kuna kitu kinabaki kazi ya mwanzo ikishasahaulika, sijui ukiite nini, mi nimeacha kukitafutia jina, ila kila ukiangalia kazi weka nafasi kidogo kwa ajili yake, usiimalize yote kwa maelezo.

Na ujaribu mwenyewe kutengeneza kitu, hata kibaya. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na tunaojua msiba tunajua kwamba kuna siku kulia kumeisha na mtu bado amejaa, kitu kinatakiwa kitoke kwa njia nyingine. Huhitaji kuwa Shaaban Robert. Andika mistari minne ya mizani ukijitahidi vina vikae, au chora uso wa bibi yako kwa kukumbuka, uone ni sehemu gani ya uso unaikumbuka na ipi imepotea. Usimwoneshe mtu kama hutaki.

Ukinunua kazi yoyote, iwe Mwenge au kwa kijana wa pembeni ya barabara, muulize fundi jina lake kamili na mwaka, mwambie aandike nyuma au chini kwa mkono wake mwenyewe, afu mpige picha akiwa ameishika kama atakubali. Usibane bei mpaka ya mwisho kwa mtu aliyekaa na gogo wiki mbili. Ukifika nyumbani usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, rangi zinapauka na mpingo unapasuka, na kama uko karibu na bahari kama Kunduchi au Kigamboni, futa vumbi la chumvi kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, usitumie maji.